Kikombe cha Mzee Kisigino

Kwenye sebule ya Shangazi kulikuwa na misumari kumi na mmoja, imepigwa ukutani kwa mstari, na kila msumari umening'iniza kikombe cha bati. Kila mpangaji wa nyumba ile ndefu alikuwa na chake, na hakuna aliyegusa cha mwenzake. Cha Kinyozi kilikuwa chekundu, kimebanduka rangi hapa na pale kama kichwa chenye mapunye. Cha Mama Pacha kilikuwa kikubwa kama kopo la kuogea, maana mwenyewe alisema mwanamke aliyezaa wawili kwa mpigo hawezi kunywa chai ya mtu mmoja. Cha Mzee Kisigino, fundi viatu wa chumba cha pili, kilikuwa cheupe chenye ukingo wa kijani, na miaka yote hiyo hakikuwa na hata alama moja. Mikono ya fundi inajua kushika kitu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi Shangazi anafungua mlango, anauzuia kwa tofali usijifunge, anainjika birika. Mtu anaingia saa anayotaka, anatungua kikombe chake, anakunywa, anapiga soga kidogo, kisha anakifudikiza kwenye sinia karibu na mlango. Ikifika saa nne, kikombe ambacho bado kiko msumarini ni kama mtu anayepunga mkono. Aliye karibu anakwenda kugonga mlango wa mwenye kikombe hicho, na haondoki mpaka aitikiwe.

Watu wageni walicheka wakisikia. Wapangaji hawakucheka, kwa sababu walijua habari za mdogo wake Shangazi. Mdogo wake huyo alifia kwenye chumba cha kupanga, mtaa mwingine, akakaa siku nne hajulikani, na nyuma ya ukuta majirani wanapika na kufungulia redio. Wakati huo Shangazi alikuwa dobi wa hospitali, anakunja mashuka ya watu asiowajua. Alipofungua chumba alimkuta mdogo wake chini, mkono umenyooka kuelekea mlangoni. Hapo ndipo alipokula kiapo: chini ya paa analoishi yeye, mtu hatakufa kama mjusi nyuma ya kabati. Alipostaafu akanunua vikombe.

Kwa miaka tisa utaratibu ule haukukosea. Mara mbili uliokoa mtu. Siku uliyoharibika, ulimharibikia Shangazi mwenyewe mikononi.

Siku hiyo, saa tatu asubuhi, alifika wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi huyu hakuwa amekanyaga pale tangu sebule ile ianze kujaa watu. Kwa wenzake aliiita kijiwe. Sasa akatokea mlangoni amejifunga vizuri, pochi kwapani, pua juu kidogo kama anayenusa kitu.

"Hodi humu! Au humu hodi haitumiki, watu wanaingia tu?"

"Karibu, wifi yangu! Karibu ndani, keti hapa penye mto."

Shangazi akageuka kutafuta kikombe cha mgeni, ndipo akakumbuka kwamba hakuna. Kilikuwa cha udongo, na wiki iliyopita pacha wa Mama Pacha walikiangusha, kikawa vigae. Akaitazama misumari. Kumpa wifi kopo lile la kuogea? Au kile chekundu chenye mapunye? Jicho likaangukia ukingo wa kijani. Mzee Kisigino huja kabla tu ya saa nne, akawaza, nitakuwa nimeshakisuuza na kukirudisha. Akakitungua, akamimina, akakizungushia kitambaa mpaka ukingoni kisimuunguze mgeni, akampa wifi kwa mikono miwili.

Kinyozi alikuwepo, na Mama Pacha, na wengine watatu, wote wakingoja mgeni anywe kwanza ndipo watungue vyao. Ukutani, upande wa chumba cha pili, ikasikika: ko. Ko. Ko.

"Nani huyo anatuvunjia ukuta?" wifi akauliza.

"Jirani yetu, fundi viatu," Shangazi akasema. "Anapiga soli."

"Leo nyundo yake imezeeka," Kinyozi akasema. "Hicho kitakuwa kiatu cha askari, soli ngumu kama roho ya mwenyewe."

Wakacheka. Kinyozi mdomo wake hauna breki, akaunganisha na kisa cha mteja aliyelala kitini akanyolewa upande mmoja, akazinduka usingizini, akatoka mbio kwenda kazini na nusu kichwa. Akamwigiza alivyokuwa akisalimia watu kwa kuwaonyesha upande ulionyolewa. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Ukutani, ko, ko, halafu kimya, halafu ko.

"Wifi," akasema akihema, "kumbe unaishi na watu! Mimi pale kwangu nakaa na viti."

Neno hilo Shangazi alilisubiri miaka tisa. Likamshuka kama maji ya uvuguvugu. Wifi alipoaga, Shangazi alikifudikiza kikombe kwenye sinia, akasahau kukirudisha msumarini, na hakukubali mgeni aende peke yake. Akamsindikiza mpaka kituo cha basi, wakasimama wakiongea mambo ya marehemu, basi la kwanza likapita limejaa, wakangoja la pili.

Aliporudi ilikuwa saa nne na nusu. Kinyozi na wengine walikuwa wameshakwenda kazini. Kwenye sinia vikombe vimefudikizwa vyote, na kile cha ukingo wa kijani katikati yao.

"Mzee kaja?" akamuuliza Mama Pacha, aliyekuwa akiingia na beseni la nguo.

"Mimi nilikuwa uani naanika nepi za hawa mabwana wawili. Lakini si kikombe chake hicho hapo, Shangazi?"

Shangazi akakitazama. Yeye peke yake ndiye aliyejua nani alikinywea. Kitu kikamgusa kifuani, kidogo tu, kama mtu anayevutwa nguo kwa nyuma. Labda Mzee kaja nilipokuwa kituoni, akajiambia, kakikuta kwenye sinia, kakisuuza, kanywa, kakifudikiza tena. Na hapo hapo ukuta ukalia: ko.

"Si huyo," Mama Pacha akasema, "yuko na kazi yake."

Miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama kituoni. Shangazi akaketi, akavua viatu, akainyoosha. Maneno ya wifi bado yalikuwa yanampigia masikioni. Chumba cha pili kilikuwa hatua nane kutoka kwenye kiti kile.

Kesho yake, ilipofika saa nne, kikombe cheupe kilikuwa msumarini. Ukuta ulikuwa kimya. Kinyozi akaenda kugonga, akaita, akaita tena kwa sauti nyingine, kisha akapiga bega mlangoni komeo likang'oka.

Mzee Kisigino alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umemkatalia. Mkono ulio mzima, wa kushoto, ulikuwa bado umeshika nyundo. Ukutani, chini kabisa, pale mkono wa mtu aliyelala unapofika, plasta ilikuwa imechimbika shimo la kutosha yai, na vumbi lake jeupe limemjaa nyweleni. Kwenye meza yake ya kazi hapakuwa na kiatu hata kimoja.

Hospitali walimlaza. Shangazi aliketi naye, kwenye wodi ambayo mashuka yake aliyajua kwa kunusa tu. Siku ya pili Mzee akafumbua macho, mdomo umevutwa upande.

"Dada."

"Nipo, kaka."

"Niligonga."

"Nilisikia."

Akapumzika, kama aliyepandisha ngazi. Kisha akasema, "Mlikuwa mnacheka." Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayetaja kwamba jana mvua ilinyesha. Siku ya tatu akafariki.

Walipotoka makaburini wapangaji wote walijaa sebuleni, vumbi bado miguuni. Hakuna aliyetungua kikombe.

"Sisi tulifanya letu," Kinyozi akasema, anajifariji na kufariji wengine. "Kikombe tulikikuta kwenye sinia. Chai alikunywa, yaliyomkuta yalimkuta baadaye. Nani angejua?"

"Ni mimi," Mama Pacha akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia Shangazi kikombe hicho hapo. Ningenyamaza angekwenda kumtazama." Alikuwa halali tangu siku ile, macho yamemvimba.

Shangazi angeweza kukaa kimya. Wifi hakujua kikombe kilikuwa cha nani, na wengine hawakumwona alipokitungua, walikuwa wakimtazama mgeni, na kitambaa kilikificha ukingo wa kijani. Misumari yote ingebaki na vikombe vyake. Lakini alimtazama Mama Pacha jinsi alivyojikunja, akaona atambebesha mzigo usio wake mpaka kaburini.

"Mzee hakuja siku ile," akasema. "Chai kwenye kile kikombe alikunywa wifi yangu. Nilimpa mimi. Sikutaka aone vikombe vyetu vibovu."



"Kwa hiyo ile nyundo..." Kinyozi akasema.

"Alikuwa anatuita."

"Na mimi nikamfanyia mzaha." Kinyozi akajishika kichwa. "Shangazi, uliporudi ukakikuta kwenye sinia, ulijua?"

"Nilijua kwa muda wa kumeza mate. Halafu nikaketi, nikavua viatu."

Kinyozi akasimama. Akaenda ukutani, akatungua kikombe chake chekundu, akatoka bila kuaga. Wa chumba cha tano akafuata, na wa chumba cha tisa. Hawakumtukana. Angependa wamtukane. Mama Pacha alibaki wa mwisho, na kikombe chake kikubwa ameking'ang'ania kifuani.

"Sina kinyongo, Shangazi. Umenitua mzigo, Mungu anajua. Lakini nikiutazama ukuta ule, chai haishuki."

Siku tatu mfululizo Shangazi alifungua mlango, akaweka tofali, akainjika birika. Maji yalichemka mpaka yakapungua nusu. Watu walipita uani wakisema "Shikamoo, Shangazi" na kuendelea na hamsini zao. Siku ya nne, saa nne ilipofika, aliitazama misumari. Kumi ilikuwa mitupu, na wa kumi na mmoja una kikombe cha marehemu. Sasa hata mtu akianguka, ukuta huu hausemi kitu. Wazo hilo likamwinua kitini.

Akalifunga birika kwa kitambaa, akatoka. Akaanza na mlango wa Kinyozi, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini.

"Nani?"

"Mimi."

"Shangazi, chai sitaki. Nilishasema."

"Nimesikia, mwanangu. Siku njema."

Akaenda mlango uliofuata, na uliofuata, mpaka mwisho wa baraza, akarudi upande wa pili. Wengine waliitika kwa kukohoa tu. Mama Pacha alifungua, akamiminiwa kidogo, akanywa akiwa amesimama mlangoni, mgongo ameugeuzia ukuta wa chumba cha pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile, kila asubuhi, magoti yanalia na birika linapoa.

Mwezi uliofuata chumba cha pili kilipata mpangaji, msichana wa kiwandani anayefanya zamu za usiku. Hakujua lolote. Shimo la ukutani aliliziba kwa kipande cha kalenda. Asubuhi ya kwanza alipogongewa alipiga kelele kutoka kitandani, "Nani jamani?"

"Jirani."

"Nimelala, bibi! Mtu mzima hana hata huruma!"

"Haya, lala, mama. Lala."

Siku ya sita hivi msichana alifungua kabisa, shuka mabegani, macho mekundu kwa usingizi. Akalitazama birika, akamtazama mwanamke mzee aliyeegemea mwimo wa mlango akitafuta pumzi.

"Bibi, hivi wewe kila siku unatugongea sisi. Wewe nani anakugongea?"

Shangazi akatazama nyuma, kwenye mlango wake ulioachwa wazi na tofali lake. Ndani, kikombe cheupe kilikuwa msumarini. Akalihamishia birika mkono wa pili, akaenda mlango uliofuata.