Chumvi ya Pilnyeo

Mficha maradhi kilio humfichua, lakini Bibi Malsun hakufichuliwa na kilio. Alifichuliwa na Deokbae, mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema mwenye kichwa kinachovuja kama pakacha.

Tangu joto lilipoisha, Malsun alikuwa akienda mjini Jeonju kupigwa mionzi ya saratani ya titi. Majirani aliwaambia ni goti. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, na njia nzima tumbo linamchafuka, mfuko wa plastiki mapajani. Mwanawe aliishi mbali. Majirani nao walikuwa mbioni, maana msimu wa kutia kimchi ya baridi, zile kabichi za kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ulikaribia. Kumwomba mtu aache kabichi zake shambani akupeleke mjini, jamani, uso utauweka wapi? Jioni moja basi la pili lilimwacha kituoni, mvua ikamnyeshea, akakata shauri kwamba imetosha.

Asubuhi yake akaenda ofisini kwa Deokbae, aliyekuwa peke yake mwenye kuijua siri. Kama ilivyo ada, Deokbae alikuwa ametoka tu kutangaza habari za mbolea kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo kijiji kizima. Kuzima mashine, wapi! Akamkaribisha mgeni wake, akamtilia kahawa.

"Siendi tena," Malsun akasema. "Daktari anasema nikikatiza katikati, ugonjwa unaweza kurudi. Na urudi. Nimeyachoka yale mabasi."

Deokbae akamsihi aombe lifti kwa Pilnyeo, jirani yake mwenye pikapu. Malsun akacheka. Pilnyeo huyo huyo? Kimchi yake ina chumvi utadhani kaichota baharini, na pikapu anaiendesha kama kaiiba. Kisha akaweka kikombe chini.

"Ninampenda yule mwanamke, Deokbae. Ndiyo maana sitaki anione ninavyotapika."

Alipotoka nje, akashangaa kimya kilivyotanda. Watu walikuwa wamesimama mashambani, visu mkononi, wanamtazama, wengine wanafuta macho. Na juu ya nguzo, kipaza sauti kilikuwa kinatoa sauti ya Deokbae akifyonza kahawa yake. Lo! Malsun alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake, kabla hajavaa viatu, akasikia honi. Pilnyeo alikuwa kwenye usukani, kavimba uso kwa hasira au kwa kulia, haikujulikana.

"Mimi ndiye wa chumvi," akasema. "Panda. Ndoo hiyo hapo, tapika utakavyo. Na usinifundishe kuendesha."

Malsun akapanda. Mwizi wa magari akaendesha polepole mpaka matrekta yakawapita, na Malsun akacheka hadi akaihitaji ile ndoo. Pilnyeo akasimamisha gari, akamshika mgongo, wala hakugeuza uso.

Baada ya hapo zamu ziligombaniwa. Muuza mayai alinuna kwa kupewa siku chache, na Deokbae alikatazwa kabisa, maana angemsahau hospitalini. Malsun aliyekuwa akiona aibu kuomba, sasa alikuwa akichagua gari lenye kiti laini.

Siku ya mwisho ya mionzi ilikuta kijiji kizima uani kwa mwenyekiti, milima ya kabichi na mabeseni ya pilipili. Pilnyeo, aliyemrudisha Malsun, aliegesha gari, akakunja mikono ya nguo, akajitosa. Malsun akamega jani kwenye beseni la Pilnyeo, akalitafuna, akaingia ofisini. Akamsogeza Deokbae, akawasha mashine mwenyewe.

"Mionzi imekwisha," sauti yake ikatoka nguzoni. "Asanteni kwa magari yenu. Nimeionja kimchi ya Pilnyeo. Chumvi ni ile ile. Niwekeeni mtungi mzima. Mwakani nitakuwepo kuumaliza."

Ua mzima ukaangua kicheko. Pilnyeo alicheka mpaka machozi yakamtiririka, na kwa pilipili iliyojaa mikononi, akashindwa hata kuyafuta.