Mguu wa Dativa

Uvimbe ulianza juu kidogo ya goti, wakati wa kupandikiza mpunga, na Natalia alidhani binti yake ameteleza kwenye jaruba. Akamkanda kwa maji ya moto. Yalipofika mavuno, Dativa hakuweza tena kutembea kutoka kwao Michenga hadi barabarani.

Hospitalini Ifakara walimpiga picha, wakachukua kinyama wakakipima, kisha wakampa rufaa ya Dar es Salaam. Ilikuwa saratani ya mfupa.

Daktari Bernadeta, bingwa wa upasuaji, hakuwaficha kitu. Zamani, alisema, ugonjwa huu ulimaanisha kukatwa mguu. Siku hizi utafiti umeonyesha kwamba wengi wakitangulizwa dawa za saratani, mfupa mbovu hutolewa peke yake na chuma kikawekwa mahali pake, nao huishi muda sawa na waliokatwa. Dativa alimaliza dawa, nywele zikamwisha. Lakini uvimbe ulikuwa umeegemea mshipa mkubwa wa damu, na picha hazikuonyesha kama umeushika.

“Nitajua nikishafungua,” alisema daktari. “Ukiwa umeushika, nitakata. Nahitaji ruhusa ya yote mawili.”

Natalia alitaka kusema warudi nyumbani. Dativa akakubali kabla mama yake hajapata neno.

“Nikizinduka uniambie wewe, mama,” alisema wakimsukuma kwenda chumba cha upasuaji. “Asiniambie mtu mwingine.”

Tangu hapo Natalia hakuogopa kisu, aliogopa kuulizwa. Alikaa kwenye benchi, kila mlango ukifunguliwa anainuka. Daktari alipotoka, alimshika mkono kabla ya kusema lolote.

Wodini, shuka lililala bapa upande wa kulia. Dativa akafumbua macho, akatabasamu kwa midomo mikavu.

“Wameuacha,” alisema. “Vidole vinaniwasha. Nikune, mama.”

Mkono wa Natalia ulinyooka, ukaishia hewani.

“Wameukata, mwanangu.”

Akalibonyeza lile shuka tupu hadi kwenye godoro, ili binti aone. Dativa akamwomba akune hivyo hivyo, maana bado vinawasha, na Natalia akakuna godoro.

Vipimo vilionyesha kuwa saratani yote kwenye mguu imetolewa. Yaliyobaki kuangaliwa ni mapafu, ambayo hupigwa picha kila baada ya miezi michache, kwani huko ndiko saratani hii hupenda kukimbilia. Dativa sasa anatembea kwa magongo, anapika, anacheka na jirani zake. Akikohoa jikoni, Natalia huweka chini alichoshika, akasikiliza kama atakohoa tena.