Mwalimu Patrisi Hajaacha Nafasi

Jumanne saa mbili asubuhi Antonia aliingia ofisi ya elimu na bahasha ya vyeti, viatu vimeshika udongo mwekundu. Alikuwa amerudi mwezi uliopita kutoka Norwe, alikofundisha hisabati miaka saba.

"Nimesikia shule ya kule Baray kuna nafasi ya mwalimu," alimwambia afisa, bwana mmoja anayeitwa Adrian. "Mama anakaa huko. Anasema Mwalimu Patrisi alifariki."

"Alifariki mwaka juzi, ni kweli. Tulitoa na rambirambi." Adrian akafunua nakala ya daftari la mahudhurio la shule. "Ila nafasi hajaacha. Anasaini kila siku, hachelewi hata dakika. Wewe subiri, dada."

Antonia akapanda pikipiki mpaka shuleni. Mwalimu Patrisi alikuwa darasa la saba, akifundisha hesabu za sehemu, amevaa suti aliyozikwa nayo. Mwalimu mkuu, Penina, alieleza kwamba alirudi Jumatatu baada ya mazishi, aliposikia haletwi mwalimu mwingine. Uji hakunywa, likizo hakuomba. Shida ilikuwa sauti tu. Ilikuwa inapungua kila muhula, na sasa watoto wa madawati ya nyuma waliona midomo ikitembea, basi.

Kengele ilipogongwa Antonia akamfuata nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipokea?"

"Wanasema hujaacha nafasi."

"Nikiacha kusaini wataifuta kabisa, na hawa watoto wana mtihani." Alisema polepole, na Antonia ilibidi ainame ili asikie. "Mimi nimechoka. Nilidhani mtu akifa anapumzika."

Siku hiyohiyo Mwalimu Patrisi akaandika barua ya kuacha kazi, na Antonia akaipeleka mwenyewe mjini. Adrian aliisoma mara mbili, akasikitika. Sahihi ya marehemu, alisema, inakubalika kwenye daftari. Kwenye barua haikubaliki, maana marehemu hana uwezo wa kuandika barua.

Kwa hiyo Antonia akaanza kufundisha kwa kujitolea. Mwalimu Patrisi alisaini asubuhi, kisha akaenda kukaa dawati la mwisho, mikono magotini. Antonia alipopitiwa na hesabu, mzee alikohoa kidogo. Mchana Antonia alikula makande na watoto, jioni akarudi kwa mama yake kupalilia vitunguu. Mama aliuliza mara moja tu kama ndiyo kazi aliyoiachia Ulaya. Antonia alisema ndiyo, na akajishangaa jinsi alivyokuwa na furaha.

Matokeo yalipotoka, watoto wote arobaini walikuwa wamefaulu hisabati. Ofisi ikamwita Mwalimu Patrisi kupokea cheti cha mwalimu bora. Alikwenda na pikipiki, amekaa nyuma wima kama jiwe. Wakubwa walimpa mkono mmoja baada ya mwingine, na mmoja akamshauri anunue glavu.

Adrian akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Mwalimu, huna mtu wa kutupendekezea? Tuna upungufu mkubwa sana wa walimu wa hisabati."

Mwalimu Patrisi akasogea karibu na sikio lake, akatamka jina la Antonia kwa sauti yote aliyobaki nayo.

"Ah, yule dada wa Norwe," Adrian alisema. "Yule tulishamwambia asubiri."

Mwalimu Patrisi akamshukuru, akamwita mwenye pikipiki. Kipindi cha saa nane kilikuwa cha pembetatu, na alipenda kumsikia Antonia akiifundisha.