Besi wa Sita

Jumapili ya pili ya Kwaresima, wimbo wa matoleo ulipofika ubeti wa pili, besi wa sita alianza kusikika kutoka benchi la nyuma. Kwaya ya kigango kile, juu kidogo ya Matombo, ilikuwa na besi watano, na wote siku hiyo walikuwa wamesimama mahali pao. Waumini waliendelea kupeleka mikungu ya ndizi altareni. Filomena wa sauti ya pili aliwahesabu besi kwa jicho la pembeni, kisha akawahesabu tena.

Benchi la nyuma alikaa Cecilia peke yake. Alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na minne, aliyeongoza sauti ya kwanza mpaka tumbo lilipoonekana. Kamati ya kwaya ilimvua sare na kumpangia benchi lile hadi ajifungue na kutubu. Aliyempa mimba hakumtaja. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na besi ilitokea tumboni, nene, yenye pumzi ya kutosha.

Baada ya misa akina mama walilizungumza jambo hilo kama wanavyozungumzia mtoto aliyetembea mapema. Mmoja alishauri Cecilia anywe uji mwingi, maana besi inachosha.

Filomena hakula mchana ule. Mstari wa mwisho wa wimbo, sauti zote huungana kwenye noti moja iliyoandikwa fe, yaani fa iliyopandishwa nusu. Mumewe Jonathan, besi kwa miaka kumi na moja, huimba fa. Mwalimu Ignas wa kwaya alishamwonyesha ubaoni kwa kijiti mpaka akachoka. Kigango kizima hakuna mwingine anayekosea pale.

Mtoto naye aliimba fa.

Filomena alifungua sanduku, akazitandaza kitandani suruali za mumewe. Zilikuwa za mitumba, iliyoanza kufika kwa marobota baada ya biashara kuwa ruksa, na kila moja Jonathan aliipeleka mwenyewe kwa Cecilia ikapunguzwe. Zilikuwa saba. Nne hazikuwa zimeguswa na sindano.

Jioni alimuuliza, "Baba Joyce, mbona mtoto wa Cecilia anakosea pale pale unapokosea wewe?"

"Wimbo wenyewe mgumu," alisema Jonathan, akaomba aongezewe mchicha.

Roho ilimuuma Filomena, na kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Ignas. Hakutaka makubwa. Alitaka Jonathan naye avuliwe sare, akae benchi lile lile, watu wamwone. Mwalimu alikiri kwamba amesikia, ana masikio. Lakini baada ya Pasaka angekuja Mwinshehe, mfanyabiashara wa mjini aliyeanza kurekodi kanda za kwaya, na Mwinshehe alishaulizia besi. Kumtoa Jonathan wakati huu, alisema, kungekuwa kuwaonea wengine.

Kamati ilikaa. Iliamua kwamba mtoto hana dhambi, hivyo anapokelewa kwenye kwaya kama mwanachama kamili. Mama yake anaendelea na adhabu. Kwa kuwa mtoto hawezi kuja peke yake, siku ya kurekodi Cecilia asimame nje, dirishani, tumbo likielekea ndani. Kisha Mwalimu Ignas alifuta fe ubaoni, akaandika fa, akampa Filomena karatasi ili anakili kwa ajili ya wenzake, kwa sababu ana mwandiko mzuri.

"Sasa hakuna anayekosea, Mama Joyce," alimwambia.

Filomena alinakili zote.

Siku ya kurekodi manyunyu yalianguka. Cecilia alisimama dirishani akiwa amejifunika khanga kichwani. Jonathan aliwekwa karibu na maikrofoni. Mwinshehe alivaa visikilizio vyake, akainua kidole, wakaanza. Besi sita walikuwa wazuri sana. Mstari wa mwisho watu wote waliimba fa, na mtoto akaimba fa. Filomena akaimba fe, kwa sauti yake yote.

Mwinshehe alisimamisha kanda. Aliuliza kwa upole ni nani anayeharibu.

Kwaya nzima ilimgeukia Filomena. Hata Cecilia aliinua uso dirishani.

"Ni mke wangu," alisema Jonathan. "Msameheni, atazoea."

Wakaanza upya.