Muhuri Kichwa Chini

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa glavu, mkaguzi alisaini fomu thelathini. Alizipanga mezani, akazisaini moja baada ya nyingine kwa kalamu nyeusi, kisha akazifungia kwenye droo pamoja na muhuri. Baadaye glavu zake zingejaa mate ya ngedere na kinyesi cha nungunungu, na mikono ya namna hiyo haigusi karatasi. Utaratibu huo alifundishwa na baba yake, ambaye alikuwa mkaguzi wa ghala lile lile kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Saini peke yake haikuwa na nguvu bila muhuri, na muhuri uligongwa siku moja tu, siku ya ishirini na moja.

Ghala lilikuwa la karantini. Mnyama yeyote wa porini aliyeletwa kuuzwa akiwa hai kwenye soko la mjini alikaa humo siku ishirini na moja, ili kama ana ugonjwa, umtokee akiwa ndani ya tundu na si akiwa mikononi mwa watu. Wachuuzi waliichukia kanuni hiyo. Aliyeiandika ni huyo huyo baba, baada ya homa iliyotoka kwa wanyama wa sokoni kumchukua mkewe, na wachuuzi walipomlilia aliwajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Maneno hayo aliyapaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango, na bado yalikuwepo.

Alipostaafu hakukaa nyumbani. Alisema kuta za nyumbani hazimjibu. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuja na chupa yake ya chai, akaketi ng'ambo ya meza ya bintiye, akasoma gazeti la jana. Jumanne na Ijumaa, bintiye alipokwenda kukagua ghala dogo la upande wa pili wa mji, mzee alibaki kulinda meza. Wakaguzi wengine walimwonea wivu. Mwenye baba kama huyo, walisema, anahitaji naibu wa nini?

Alhamisi moja mchinjaji wa sokoni alipelekwa hospitali akiwa na homa. Muuguzi aliyempokea alikuwa mdogo wake mkaguzi, mtoto wa mwisho wa mzee. Alimfungua shati, akakuta muhuri wa ghala tumboni, wa bluu, wa duara, wenye maneno IMEKAGULIWA, SALAMA, na chini yake siku, tarehe na namba: TUNDU 14. Aliusugua kwa spiriti. Haukutoka. Aliandika kwenye faili: homa kali, kikohozi, muhuri mmoja, hautoki kwa spiriti.

Hadi Jumatatu walikuwa watano, na kufikia mwisho wa wiki walikuwa kumi na tisa: mke wa mchinjaji, wabeba mizigo wawili, mteja aliyenunua kilo moja na nusu, mwalimu aliyeketi karibu na mteja huyo kanisani. Wote walikuwa na muhuri ule ule wa tundu lile lile. Ugonjwa wenye adabu kiasi hicho haujawahi kuonekana. Ulitaja ofisi, ukataja tarehe, ukataja tundu. Kilichobaki ni watu kusoma. Wa kumi na tisa alikuwa muuguzi mwenyewe.

Mkaguzi alikwenda kwanza kwenye tundu namba kumi na nne. Fungo sita walikuwa wamelala wamejikunja, na kibao kilionyesha siku ya kumi na tisa. Aliwahesabu mara mbili. Fungo wake hawajatoka, kwa hiyo kulikuwa na kosa mahali, na kosa hilo halikuwa lake. Alikwenda hospitali akiwa na amani hiyo moyoni.

Mdogo wake alikuwa kitanda cha dirishani. Mkaguzi alivalishwa gauni na barakoa, akaambiwa asimame miguuni pa kitanda na asiguse kitu.

"Dada, njoo uone kazi ya ofisi yenu," alisema mgonjwa, akapandisha shati lake la hospitali.

Mkaguzi akapinda shingo. Muhuri ulikuwa umegongwa kichwa chini. Daktari wa zamu naye alipinda shingo, na mhudumu aliyekuwa akipiga deki naye pia.

"Kwangu umekaa sawasawa," mdogo wake alisema. "Nikiinamisha kichwa hivi nausoma wote. Aliyeugonga alitaka mwenyewe nijue kuwa ni salama." Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Usinichekeshe, bwana. Mbavu zinauma."

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

Wakati huo baba yao akaingia, naye akiwa na gauni na barakoa, akasimama kichwani pa kitanda. Alimtazama mwanawe wa mwisho kwa muda mrefu. Kisha akasoma kwa sauti ndogo: "Tundu kumi na nne. Jumanne." Alisoma bila kupinda shingo.

Mkaguzi aliliona hilo. Alipokuwa akijifunza kazi, miaka tisa aliketi na baba yake meza moja, huyu huku na yule kule, karatasi zikimwelekea binti. Baba hakuwa na desturi ya kugeuza karatasi. Aligonga kutoka upande wake, na muhuri wake kila mara ulitoka kichwa chini. Walikuwa wakilicheka jambo hilo.

Alirudi ofisini akafungua kabati. Fomu ya tundu namba kumi na nne ilikuwemo, fungo sita, wameachiwa siku ya tatu. Saini ilikuwa yake, ya asubuhi, nzuri, ya mkono uliotulia. Muhuri ulikuwa kichwa chini. Alitoa faili zote za mwaka, akapata fomu arobaini na moja za aina hiyo, zote za Jumanne na Ijumaa. Ufunguo wa droo baba yake alibaki nao alipostaafu, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwomba aurudishe.

Mzee alikuja baada ya chakula cha mchana kama kawaida, akaweka chupa yake ya chai, akaziona fomu.

"Ni wewe, baba?"

"Ni mimi."

"Walikuwa na siku tatu."

"Walionekana wazima."

"Na waliomo tunduni sasa ni akina nani?"

"Wengine. Wachuuzi walileta wengine." Alimimina chai. "Ulikuwa unahesabu vichwa, mwanangu. Kutazama nyuso sikukufundisha."

Alieleza bila kuficha. Wakaguzi hupimwa kwa shehena zilizotoka, na za bintiye zilikuwa theluthi ya za wenzake. Walitaka kumhamisha. Mzee alisikia hayo kwa watu wa makao makuu, akaona hawezi kukaa akitazama tu.

"Nilikuwa nakusaidia," alisema.

"Mama alikufa kwa kitu gani, baba?"

Mzee alifunga chupa ya chai. Chai ilipoa mbele yake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema mtu afanye nini ikiwa nguo yenyewe ndiyo iliyomla. Mkaguzi aliumia kuliko alivyowahi kuumia. Angeibiwa na mchuuzi angejua pa kuiweka hasira yake. Lakini kila alichokijua kuhusu uaminifu alikuwa amekijifunza kwenye meza ile, kwa mtu yule, na sasa hakujua kipi kati ya hivyo kilikuwa cha kweli.

Tume ya makao makuu ilifika Jumatano ikiwa na watu watatu: mwenyekiti, mwanasheria na mwandishi. Mkaguzi aliwaeleza yote wodini. Alisema wagonjwa watengwe siku ishirini na moja, soko lifungwe, na muhuri uchukuliwe. Alisema pia aliyegonga ni nani. Kumtaja baba yake kulimtoka kwa shida, lakini alimtaja.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mzee? Mzee ndiye aliyetufundisha sisi sote."

"Tazameni muhuri. Uko kichwa chini."

Mwanasheria alifungua kitabu cha kanuni, kile alichokiandika baba yake, akasoma kwamba chochote chenye muhuri halali wa ghala kitahesabiwa kuwa kimekaguliwa na ni salama. Alipitia ukurasa wa pili na wa tatu. "Kanuni haisemi muhuri uelekee wapi," alisema.

Hivyo wagonjwa kumi na tisa waliruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari alipinga, akaonyeshwa ukurasa. Mwandishi aliandika kwamba mkaguzi ametoa ushirikiano mzuri.

Muuguzi alirudishwa nyumbani kwa baba yake akiwa na homa ya nyuzi arobaini. Majirani walikuja kumpa pole, maana alikuwa na kibali. Aliwafukuza kwa sauti iliyobaki. "Mimi muuguzi nawaambieni, tokeni!" Walimwambia asijichoshe, wakamwekea mto vizuri. Jioni ya siku ya nne alimwomba dada yake afungue dirisha.

"Usimchukie baba," alisema.

"Namchukia."

"Basi mchukie polepole. Haraka haraka haina baraka."

Walicheka wote wawili, mmoja bila sauti. Akafa siku ya sita asubuhi, dada yake akiwa ameketi hatua mbili kutoka kitandani, mikono mapajani. Majirani watatu tayari walikuwa na muhuri tumboni.

Soko halikufungwa. Tume iliona kwamba siku ishirini na moja zinawashawishi wazee wazuri kuvunja sheria, ikazifanya tatu. Mkaguzi alipandishwa cheo kwa sababu ya shehena zilizotoka, fomu arobaini na moja zikiwemo. Aliandika barua ya kukataa, akajibiwa kwamba unyenyekevu wake umepokelewa. Fomu mpya zililetwa zikiwa na muhuri tayari, umechapwa kiwandani, ukiangalia juu. Kuhusu kazi ya kukagua hapakuletwa maelekezo, kwa hiyo aliendelea kukagua. Alijifunza nyuso. Kila fungo, kila ngedere, alimwandikia alama zake kwenye daftari, sikio lililochanika, jicho lenye ukungu, na siku ya tatu wachuuzi walipomchukua aliandika kwamba amechukuliwa.

Baba yake aliendelea kuja. Alileta chai, akaketi ng'ambo ya meza, wala hakugusa karatasi. Bintiye hakumfukuza na hakumsalimu. Wahudumu wa ghala walizoea.

Siku moja mzee hakuketi. Alifungua vifungo vya shati, akajitazama kifuani, akajitazama tumboni. Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi nyumbani, tangu mazishi. Kisha akamgeuzia bintiye mgongo na kulishusha shati hadi kiunoni.

"Hapa sipaoni," alisema. "Nitazamie."

Mkaguzi alivua glavu, akanawa mikono, akaja upande wa pili wa meza. Mgongo wa baba yake ulikuwa umekonda, na ulikuwa na kovu la zamani karibu na bega. Katika miaka ishirini na sita ya kazi na yote iliyofuata, mikono ya mzee haikuwahi kumgusa mnyama bila glavu.

"Hakuna kitu, baba."

"Tazama vizuri."

Akatazama vizuri, sehemu kwa sehemu, kama alivyofundishwa, kuanzia shingoni.

"Nimekukagua," alisema. "Uko salama."

Mzee alibaki amempa mgongo, akitafuta mikono ya shati asiipate.