Nusu Kidonge

"Habari za tangu tulipoonana?" daktari aliuliza.

"Nzuri," akajibu binti, macho sakafuni.

Mama yake, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke ambaye sauti yake hupita kuta mbili bila kupiga hodi, akashindwa kuvumilia. "Nzuri gani, jamani? Cherehani imefunikwa shuka! Wateja wanachukua vitambaa vyao havijaguswa mkasi. Kuoga mpaka nigombe. Halafu mtu wa kukutibu anakuuliza, unasema nzuri! Mficha maradhi kilio kitamfichua, shauri yako."

"Sasa mama, mtu akikuuliza habari, utamjibu nini?"

Hilo nalo lilimuudhi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Daktari, kijana wa rika la kitinda mimba wa mpishi, akavua miwani. "Basi hali imeshuka. Dozi tuliyoanza nayo ilikuwa ndogo. Nafikiri tuiongeze, iwe mara mbili."

Mara mbili! Damu ilimpanda mpishi mpaka masikioni. "Mwanangu daktari, hebu nieleweshe mimi mjinga. Dawa imeshindwa, kwa hiyo unamwongezea ile ile iliyoshindwa? Mchuzi wangu ukiharibika, nipike sufuria mbili?"

"Wakati mwingine mwili unahitaji kiasi kikubwa kidogo, mama. Tutamfuatilia kwa karibu."

"Mtamfuatilia! Wiki ya kwanza alisinzia sindano ikiwa mkononi. Vidole vinatetemeka, uzi hauingii. Ukimwongezea si atakuwa zezeta? Chumvi ikipungua naongeza. Ikizidi, nani ataitoa?"

"Na kule kusinzia kuliendelea?"

"Kuliisha."

"Kwenyewe tu?"

Mpishi akanyamaza. Kunyamaza kwake ni jambo adimu, hata binti akainua macho.

Hakukuisha kwenyewe. Binti hakuwahi kuweza kumeza kidonge tangu utotoni, na daktari aliruhusu kisagwe, kichanganywe na asali. Kazi hiyo aliishika mama. Alipoona mwanawe anasinzia kama kuku mgonjwa, alichukua kisu akakikata kidonge katikati. Nusu akasaga, nusu akatupa. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Hakumwambia mtu, akajiona mjanja kuliko hospitali nzima.

Na hata sasa angeweza kufunga mdomo. Daktari aandike mara mbili, yeye aendelee kukata katikati, mwanawe apate kile kile cha mwanzo; asinzie kidogo, lakini asiwe zezeta. Hesabu ilimkalia vizuri kichwani, na kwa kweli alishaanza kuikubali.

"Mama, usigombane naye," binti alisema polepole. "Waongeze wasiongeze, yote sawa. Watu wengine dawa inawaponya. Mimi ndiye siponi."

Aliyasema bila chozi, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. Mpishi akamgeukia.

"Hujainywa," akasema.

"Nini?"

"Hujainywa dawa, mwanangu. Si yote. Nilikuwa nakupa nusu."

Akaeleza, maneno yakikanyagana: kisu, asali, vidole vilivyotetemeka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, daktari, si ndivyo? Daktari aliirudisha kalamu mezani.

"Basi hatuongezi," akasema hatimaye. "Hatujui hata kama dozi ya kwanza imeshindwa, maana aliipata siku chache tu. Ataanza tena kukipata kidonge kizima, na akisinzia mnaniambia mimi. Hilo lina dawa yake. Lakini mama, ungeniambia."

"Ningekuambia ungenisikiliza?" mpishi alifoka, lakini ukali wenyewe haukuwa na nguvu.

Binti alikuwa amesimama.

"Kila asubuhi nalamba kijiko chako, najiambia labda leo. Kila asubuhi, mama! Nikajua basi, kama hata dawa imenikataa, mimi ni wa kutupwa. Na wewe umesimama pale pale, unaniangalia!"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma gani hiyo ya kunificha mwili wangu mwenyewe?"

Sauti ilipita ukuta, na huko nje mazungumzo ya wagonjwa yakakatika. Mpishi akanyoosha mkono amshike. Binti akaukwepa.

"Usiniguse kwanza," akasema. "Kesho utakisaga mbele yangu."

"Nitakisaga."

"Kizima."

"Kizima, mwanangu," alijibu mpishi, kwa sauti ndogo ambayo jikoni kwake hakuna aliyewahi kuisikia.