Fungu la Marehemu Ndani ya Gunia

Programu yao ya hesabu waliibatiza Gunia, kwa kuwa ndani mlikuwa na kila kitu: milinganyo, grafu, namba tasa, na makorokoro mengine ambayo hata wenyewe walishasahau nani aliyatia. Mjane na marehemu mumewe waliianzisha kwenye meza ya kulia chakula, wakaitoa bure, atakaye aisome na kuirekebisha. Sasa wenzao waliobaki walikuwa wamekata shauri: Gunia ligawanywe liwe maktaba ndogo ndogo, yaani vijiprogramu vinavyojitegemea, kila moja na mlezi wake wa kuitunza, na mtu achukue ile anayoihitaji tu.

Fungu aliloliandika marehemu, la kutatua milinganyo, halikupata mlezi. Likapangiwa kufutwa.

Mjane alitia ngumu. Alishinda akibishana na watu kwenye kompyuta, hashikiki, mpaka shemeji yake, mdogo wa marehemu waliyekuwa wakifanya naye kazi hiyo, akaja nyumbani kumtuliza.

"Hawa wa vipande vipande hawajui vitu hivi vilivyoshikana," mjane alimwambia hata kabla hajaketi. "Ukilitoa fungu lake, shemeji, yote yanaanguka."

"Basi tujaribu kwenye nakala ya Gunia. Yakianguka, niko upande wako."

Mjane alilifuta mwenyewe kwenye nakala, akawasha majaribio yanayokagua kama kila kitu bado kinafanya kazi, akakaa kusubiri kwa furaha ya shari. Ngoja waone! Majaribio yakapita yote. Akarudia. Yakapita tena.

"Haiwezekani."

Shemeji alikwepa macho yake. "Kaka alibadilisha mwenyewe, shemeji, alipokuwa anaumwa. Kila kilichokuwa kinalitegemea fungu lake alikiunganisha na maktaba ya watu wengine, yenye walezi wengi. Hakutaka kazi ilale siku akiondoka. Akaniomba nisikwambie."

Jioni zile mjane alikuwa akimsikia mumewe chumbani akigonga vitufe, akampelekea chai, akashukuru kwamba hamu ya kazi imemrudia. Kumbe mwenzake alikuwa anajitoa kidogo kidogo, kila mahali alipokuwemo. Akamgeukia shemeji yake.

"Ukajua, ukaniacha nigombane na dunia nzima?"

"Nilidhani utachoka, shemeji. Nisamehe."

Mjane akaifunga kompyuta taratibu.

"Waambie walifute," alisema. "Mashine aliiandaa iishi bila yeye. Mimi aliniambia atapona."